Haidrojeni ndani ya modeli za nishati: kilichoingizwa ndicho kilichotoka



Maneno yamekuwa mengi tangu Oman ilipounda kampuni ya Hydrom mwaka 2022, na Kenya ilipotoa mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023. Wenzetu walioko Maskati wana matumaini makubwa, na sisi tulioko huku Ulaya tunaulizwa na jamaa: je, hili jambo ni la kweli au ni domo tu? Kazi yangu ya kila siku ni hizi modeli za mifumo ya nishati, na jibu langu huwa refu kuliko anavyotaka muulizaji. Inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu haidrojeni imeshaahidiwa mara nyingi, na kwa nusu karne sasa huahidiwa kwa hesabu za kompyuta. Nataka tuzitazame hizo hesabu zenyewe: zilitoka wapi, na ndani yake mlitiwa nini.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Afrika ilikuwa na haidrojeni ya kijani kabla jina hilo halijazaliwa.

Mwaka 1800 Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walitia nyaya za betri kwenye maji, na maji yakapasuka: haidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Kanuni ni ileile mpaka leo. Kilo moja ya haidrojeni inakula umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55 kuitengeneza, na ndani yake unapata nishati ya kilowati-saa 33 tu. Yaani kabla hujaisafirisha wala kuichoma umeshapoteza theluthi nzima na zaidi. Ukitaka kuigeuza iwe umeme tena, ujihesabie bahati ukibakiwa na kama theluthi moja ya ulichoanza nacho. Kwa hiyo haidrojeni ya maji ni biashara ya mtu mwenye umeme rahisi asiyejua aupeleke wapi.

Wanorwe walikuwa watu hao. Walikuwa na maporomoko ya maji milimani, mbali na miji, na mwaka 1929 kampuni ya Norsk Hydro ikajenga pale Vemork kiwanda kikubwa cha kupasua maji. Haidrojeni ile ilichanganywa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, na amonia ikafanywa mbolea. (Wengi wameisikia Vemork kwa sababu ya vita, maana yale maji mazito yaliyohujumiwa mwaka 1943 yalikuwa mazao ya pembeni ya kiwanda hichohicho.) Misri ikafuata. Kiwanda cha mbolea cha Kima kule Aswan kilianza kazi mwaka 1960 kwa umeme wa bwawa la zamani, miaka 10 kabla Bwawa Kuu halijakamilika. Halafu ikaja Rhodesia ya Smith, nchi iliyowekewa vikwazo, yenye umeme wa Kariba na yenye kiu ya mbolea: mwaka 1972 kampuni ya Sable Chemicals ikawasha mitambo ya kupasua maji hapo Kwekwe. Mitambo hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, serikali zikaja na kuondoka, na mbolea ya wakulima wa Zimbabwe ikaendelea kutoka kwenye maji na umeme.

Ilizimwa mwaka 2015. Haikuwa imekufa kwa uzee tu. Kiwanda kilikuwa kinahitaji takriban megawati 100, na nchi ilikuwa gizani: Kariba inashuka kwa ukame, shirika la umeme linataka bei ya juu, na kila megawati ina mtu anayeililia. Ilionekana ni bora umeme uende kwenye gridi na amonia iletwe kwa reli kutoka Afrika Kusini, ambako inatengenezwa kwa makaa ya mawe na gesi. Aswan nako, kiwanda kipya kilichorithi kile cha zamani kilijengwa kutumia gesi asilia. Vemork palishafungwa zamani, katika miaka ya 1970.

Hesabu yake si ngumu. Tani moja ya amonia ina kama kilo 176 za haidrojeni, na ukijumlisha na shughuli nyingine unahitaji umeme wa karibu megawati-saa 10. Umeme ukiwa senti 2 za dola kwa kilowati-saa, hiyo ni dola 200. Ukiwa senti 8 ni dola 800, kabla hujamlipa fundi hata mmoja. Pale Kwekwe teknolojia haikushindwa, kilichoishinda ni bei ya umeme, na bei hiyo ilipanda kwa sababu umeme ulipata wateja wengine. Naomba tulishike hilo, maana ndilo ambalo wajenzi wa modeli walichelewa sana kuliona.

Sasa upande wa pili wa hadithi, upande wa watabiri.

Wa kwanza wa maana ni J. B. S. Haldane, mwanabiolojia, aliyewahutubia wasomi wa Cambridge mwaka 1923. Aliwaambia kwamba makaa ya mawe ya Uingereza yatakwisha, na kwamba baada ya miaka 400 nchi itajaa safu za vinu vya upepo vya chuma, na upepo ukizidi, umeme utatumika kupasua maji, na haidrojeni itagandishwa iwe kimiminika na kuhifadhiwa ardhini. Hakuwa na kompyuta wala jedwali. Ukisoma mipango ya Ulaya ya leo utadhani wamenakili kwake, ila wameondoa sifuri moja kwenye ile miaka 400.

Baada yake kimya, mpaka miaka ya 1970. Mwanakemia John Bockris akalieneza neno "uchumi wa haidrojeni". Mwitaliano Cesare Marchetti, aliyekuwa kwenye maabara ya nyuklia ya Ulaya huko Ispra, akatafuta njia ya kupasua maji kwa joto la vinu vya nyuklia, halafu akaja na wazo la kujenga visiwa vya nishati katikati ya Bahari ya Pasifiki, vyenye vinu vikubwa mno, meli zibebe haidrojeni kama zinavyobeba mafuta. Oktoba 1973 Waarabu wakafunga bomba la mafuta, na Machi 1974 mamia ya wataalamu wakakusanyika Miami kuijadili haidrojeni. Tazameni wakati huo haidrojeni ilikuwa mtoto wa nani: ilikuwa mtoto wa nyuklia. Hakuna aliyekuwa akifikiria jua la Duqm.

Na ni katika miaka hiyohiyo modeli zilizaliwa.

Modeli ya mfumo wa nishati ni nini? Unaiambia kompyuta: watu wa nchi hii watahitaji mwanga, joto, usafiri, chuma na mbolea kiasi hiki. Hivi hapa ndivyo vyombo vinavyoweza kutoa huduma hizo, hii ndiyo bei ya kila kimoja, hivi ndivyo kinavyodumu, na huu ndio moshi wake. Kisha unaiamuru itafute mchanganyiko wenye gharama ndogo kuliko yote kwa miaka 30 au 50. Njia ya hesabu yenyewe aliibuni Mrusi Leonid Kantorovich mwaka 1939, alipokuwa akisaidia kiwanda cha mbao za plaiwudi, na Mmarekani George Dantzig akaiunda upya mwaka 1947 kwa ajili ya mipango ya jeshi la anga. Baada ya mshtuko wa mafuta, maabara ya Brookhaven ya Marekani na ile ya Jülich ya Ujerumani zikaungana chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati, na kuanzia mwaka 1976 wakaijenga modeli ya MARKAL, jina lililokatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgao wa soko. Huko Laxenburg, nje kidogo ya Vienna, taasisi ya IIASA iliyowakutanisha wanasayansi wa Mashariki na Magharibi ikajenga yake, MESSAGE. Marchetti mwenyewe alihamia huko.

Modeli hizi zina tabia moja ya kuchekesha. Chombo A kikiwa rahisi kuliko chombo B kwa senti moja, modeli inachukua A peke yake na kumtupa B nje kabisa, hata kama zamani ilikuwa ikimpenda B. Ni kama mtu anayehamia duka jingine kwa shilingi moja, na kesho anarudi kwa shilingi moja. Wajenzi wanalijua hilo, kwa hiyo huweka vizuizi kwa mkono: A asizidi kiasi hiki, B asipungue kiasi kile. Na mkono ukishaingia, jibu linakuwa la nani?

Swali hilo lililipuka mwaka 1984. Timu ya IIASA chini ya Mjerumani Wolf Häfele ilikuwa imetoa mwaka 1981 kitabu kikubwa kiitwacho Energy in a Finite World, kazi ya miaka mingi na watu wengi, kilichotabiri matumizi ya nishati ya dunia mpaka mwaka 2030. Makisio yao ya juu yalikuwa terawati 36, ya chini terawati 22, na vinu vya nyuklia vikibeba mzigo mkubwa. (Mwaka 2019 dunia ilikuwa kwenye terawati 19 hivi. Hata ile ya chini ilikuwa juu.) Bill Keepin, kijana aliyefanya kazi hapohapo IIASA, alizifungua modeli zenyewe, na yeye na Brian Wynne wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Walichokuta ni kwamba majibu ya modeli kwa sehemu kubwa yalikuwa ni yaleyale makadirio yaliyoingizwa, yamepitishwa kwenye mashine na kutoka upande wa pili yakiwa na heshima ya sayansi. Tena ukigusa kidogo tu gharama ya nyuklia, picha nzima inageuka. Ugomvi ulikuwa mkali. Kwa maoni yangu makala ile inafaa kusomwa na kila waziri wa nishati kabla hajasaini chochote.

Kwa nini nayasema haya kwenye habari ya haidrojeni? Kwa sababu haidrojeni ndiyo inayoumia au kunufaika zaidi na tabia hizo. Iko mwisho wa mnyororo: bei yake inategemea bei ya umeme, ambayo inategemea bei ya mitambo, ambayo inategemea riba. Kosa dogo mwanzoni linakuwa kubwa likifika kwake.

Halafu kuna suala la saa. MARKAL ya mwanzo iliugawa mwaka mzima katika vipande 6 tu: majira matatu, na kila majira mchana na usiku. Kompyuta za wakati ule hazikuweza zaidi. Sasa katika vipande 6 utaiona wapi wiki ile ya Januari ambapo Bahari ya Kaskazini haina upepo na jua limejificha? Huioni. Na kama huioni, huoni sababu ya kuhifadhi kitu chochote, wakati kuhifadhi kwa wiki na miezi ndiyo kazi ambayo haidrojeni inaifanya vizuri kuliko betri. Ghala zipo tangu zamani: kule Teesside, Uingereza, wanahifadhi haidrojeni kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi tangu mwaka 1972. Lakini ndani ya modeli kazi hiyo haikuwepo. Haidrojeni ikabaki na nafasi moja tu ya kuingilia, nayo ilikuwa gari.

Ndiyo maana wimbi la mwanzoni mwa karne hii lilikuwa wimbi la magari. Rais Bush mwaka 2003 aliomba dola bilioni 1.2 kwa ajili ya magari ya haidrojeni, na mwaka huohuo mabasi ya haidrojeni yakaanza kupita mitaa ya Reykjavik. Wimbi hilo nitalipita haraka. Lilikufa kwa sababu betri zilishuka bei kuliko mtu yeyote alivyoandika kwenye jedwali lake.

Kilichoirudisha haidrojeni si uvumbuzi mpya. Ni badiliko la mstari mmoja katika modeli. Uingereza kwa sheria ya mwaka 2008 ilijifunga kupunguza hewa chafu kwa asilimia 80 ifikapo 2050. Modeli ikiambiwa asilimia 80, inasafisha umeme, magari na nyumba, halafu ile 20 iliyobaki inawaachia wenye chuma, mbolea, ndege na meli waendelee na moshi wao. Mwaka 2019 sheria ikageuzwa: sasa ni sifuri halisi. Ile 20 haina tena pa kujificha. Ghafla modeli zilezile, na data karibu ileile, zikaanza kuitema haidrojeni kwa wingi, kwa kuwa kwenye chuma na mbolea hakuna njia nyingi nyingine. Nchi nyingine zikafuata sifuri hiyo, na haidrojeni ikafuatana nayo. Mtu asiyejua angedhani wanasayansi wamegundua kitu.

Huku Uingereza watu walikwenda mbali zaidi, wakataka kupasha nyumba joto kwa haidrojeni. Mradi wa Leeds wa mwaka 2016 ulipendekeza mji mzima ugeuzwe. Kihistoria si wazimu: gesi ya mjini ya zamani, iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, karibu nusu yake ilikuwa haidrojeni, na kati ya 1967 na 1977 nchi nzima iligeuzwa nyumba kwa nyumba kuingia gesi ya Bahari ya Kaskazini. Lakini mwaka 2023 majaribio mawili, la Whitby huko Ellesmere Port na la Redcar, yote yalifutwa. Pampu ya joto inatumia umeme uleule mara moja, bila kupoteza theluthi njiani, na wakazi walikuwa wameshaigoma haidrojeni.

Modeli za leo ni afadhali sana, tuwe waadilifu. PyPSA, iliyoanzia Frankfurt na kuchapishwa mwaka 2018, iko wazi kwa kila mtu, na inaweza kupita mwaka mzima saa kwa saa, saa 8,760. Kwa modeli hiyo, watafiti wa Ujerumani na Denmark walitoa mwaka 2023 picha ya Ulaya isiyo na hewa chafu. Mtandao wa mabomba ya haidrojeni ulipunguza gharama ya mfumo kwa asilimia 3.4 kwa kiwango cha juu. Ukiupanua pamoja na nyaya za umeme, nafuu inafika asilimia 9.9. Na bila vyote viwili mfumo bado unasimama, kwa gharama zaidi. Asilimia 3.4 ni fedha nyingi, lakini si ule ukombozi wa dunia tunaohubiriwa. Na mwaka 2023 wenyewe dunia ilitumia tani milioni 97 za haidrojeni, karibu zote za gesi na makaa ya mawe. Safi haikufika asilimia 1.

Sasa tufike kwetu, na mstari ambao mimi binafsi unaninyima usingizi: riba.

Mtambo wa dola 1,000 ukiulipa kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 5 unalipa kama dola 80 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 12 unalipa dola 134. Mtambo uleule, jua lilelile. Watafiti Florian Egli, Bjarne Steffen na Tobias Schmidt walionyesha mwaka 2019 kwamba modeli za dunia nzima zilikuwa zikiweka riba moja kwa nchi zote, kana kwamba Kongo inakopa kama Ujerumani. Ukifanya hivyo Afrika inaonekana kisima cha nishati ya bei poa. Ukiweka riba za kweli, sehemu kubwa ya unafuu huo inayeyuka. Ramani nyingi za rangi tunazoonyeshwa mikutanoni, Afrika imepakwa kijani kibichi, zinaweza kusomwa kama ramani za riba ambayo hakuna benki iliyoikubali.

Oman inakopa kwa nafuu kuliko Kenya, ina ardhi tupu, upepo na jua, hivyo kwa upande huo iko vizuri. Lengo lake ni angalau tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030, na hadi milioni 8.5 ifikapo 2050. Pigeni hesabu: milioni 1 tu inataka umeme wa terawati-saa 50 hivi, zaidi ya umeme wote uliokuwa ukizalishwa nchini wakati lengo linatangazwa. Swali langu ni lile la Kwekwe: umeme huo hauna mnunuzi mwingine? Oman imezoea kuwasha taa zake kwa gesi, na gesi hiyohiyo inaweza kuuzwa nje kutoka Qalhat. Jua likichukua kazi ya gesi nyumbani, gesi inapanda meli. Modeli iliyojengwa kwa haidrojeni ya kuuza nje peke yake haiwezi kuliona jambo hilo, kwa sababu haikuulizwa.

Kenya ni kinyume chake. Mteja yuko nyumbani, ni mkulima wa mahindi anayelia na bei ya mbolea, hasa tangu mwaka 2022, na mkakati umeitaja mbolea mbele. Hapo nawapongeza. Ila wanaosema "usiku Olkaria mvuke unapotea, tuutumie" wahesabu saa. Tuseme mtambo wa kupasua maji ni dola 1,000 kwa kilowati, riba asilimia 12. Ukifanya kazi saa 8,000 kwa mwaka, gharama ya mtambo ni senti 87 kwa kila kilo ya haidrojeni. Ukifanya kazi saa tano za usiku tu, ni dola 3.80, hata kama mvuke ni wa bure. Ama ujenge umeme wake maalumu, ama ununue ule wa gridi ambao kuna vijiji bado vinausubiri.

Mambo haya yanaweza kukaguliwa na sisi wenyewe. OSeMOSYS, modeli ya wazi iliyoelezwa na Mark Howells na wenzake mwaka 2011, haina leseni ya kulipia. TEMBA iliitumia kuziunganisha nchi za Afrika kwenye modeli moja ya umeme. Faili zake ni majedwali ya kawaida, anayejua kutumia lahajedwali anaweza kuyasoma. Mwenye mtoto au mpwa anayesoma hesabu au uhandisi Dodoma, Eldoret au Maskati amwambie aifungue, aende moja kwa moja kwenye mstari wa riba, abadilishe namba iliyomo aweke ile ambayo benki ya nchi yake inatoza, halafu atuletee jibu tulitazame pamoja.